Mdomo wa Risiti

Tulimwita Risiti
kwa sababu alikuja ndani ya boksi la sabuni
siku Mangi wa duka la mabati alipomlipa baba deni lake:
pungufu elfu kumi,
na kitoto cha mbwa juu, kufidia.

Miaka tisa amelinda geti letu hapa Pasua.
Miaka mitatu ya mwisho mdomo wake ulinuka
kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa juani.
Tukasema, ni mbwa. Mbwa hunuka.
Tukamfukuza mlangoni, tukaendelea kula.

Kisha mwezi wa saba, ule wa baridi,
mlima umejifunika wiki nzima,
akaanza kutafuna upande mmoja,
kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.
Ugali unadondoka. Anautazama.
Anaondoka.

Mama Eliakunda akasema amelishwa kitu.
Fundi Shirima akasema ni uzee, mpigeni sindano apumzike.
Kwenye bakuli lake la maji palikuwa na uzi wa damu.
Huo niliuona mimi. Sikumwambia mtu siku mbili.

Dokta Aikande alikuja na pikipiki,
akachuchumaa, akainua ule mdomo kwa dole gumba
taratibu, kama anayefungua barua isiyo yake.
"Njoo uone."
Sikutaka. Nikaona:
ukoga umeganda ukawa jiwe, rangi ya sufuria iliyoungua,
na ufizi, mwekundu, umerudi nyuma
ukaacha shina la jino wazi
kama mgomba uliofukuliwa na mvua.

"Hii harufu si tabia ya mbwa," akasema.
"Ni ugonjwa unapiga hodi."
Huanza utando, laini, hata kidole kinautoa.
Ukiuacha siku chache unakauka,
na chini yake bakteria wanachimba
kati ya jino na nyama, mpaka kwenye mfupa.
"Na damu inapita kila mahali," akaongeza,
akifuta mikono. Hakumaliza sentensi.

Wakamlaza kwa dawa ya usingizi,
maana nani atakubali kukwanguliwa chini ya ufizi akiwa macho?
Meno manne yalitoka.
Mawili hayakuhitaji hata koleo.
Vidonge siku saba, nikivificha ndani ya maini.
Nusu ya ada ya Ndeshi ikaenda hapo;
nililia kidogo, sitadanganya, nililia kwa ajili ya hela.

Sasa kila jioni nazungushia kidole kitambaa cha shuka la zamani
na dawa ya meno ya mbwa, yenye ladha ya kuku.
Siyo yetu: yetu itamdhuru, naye hajui kutema.
Wiki ya kwanza nilishika midomo tu.
Ya pili, meno ya mbele.
Ya tatu nikafika kule nyuma ugonjwa unakopenda kulala.
Mifupa migumu ya supu nimeikataa, inavunja meno.
Watoto wananing'inia kwenye uzio:
"Anampigisha mbwa mswaki!"
Ndiyo. Nampigisha.

Baba alifariki mwaka juzi.
Miaka yake ya mwisho alicheka kiganja kikiwa mdomoni.
Asubuhi mtori, jioni mtori,
nyama akiisukumia wajukuu,
nasi tukasema, Mchaga na ndizi zake!
Kile kiganja tulikiita heshima.
Nyumba nzima ya watu wazima
na hakuna aliyemwambia: hebu fungua nione.

Jana nimemkuta Risiti kibarazani saa yetu ile ile,
mdomo umeinuka upande mmoja.
Labda ananisubiri. Labda ananikenulia tu.
Nikaenda kunawa mikono.